Kalamu ya Laki Sita Ilivyotaka Kuivuruga Ndoa Yangu

Ukikuta risiti ya laki sita imefichwa katikati ya kitabu ambacho mumeo anajua kabisa huwa hukigusi, jambo la kwanza kukujia kichwani ni mwanamke mwenzio. Usinidanganye, dada yangu. Na mimi lilinijia hilo hilo. Risiti yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, bei kwa euro, na neno pekee nililoambulia kulisoma lilikuwa "Lamy 2000". Nikajikalia ukingoni mwa kitanda nikiwaza: huyu Lamy ni nani, na kwa nini anagharimu euro mia mbili na kitu?

Jioni niliiweka ile risiti juu ya sahani, nikaifunika kwa kawa, nikamkaribisha mwenye nyumba chakula. Alipofunua alicheka. Aliponiona uso akaacha kucheka. Akainuka, akaenda kwenye begi lake la kazini, akarudi na kikasha kidogo, na ndani ya kikasha kulikuwa na kalamu. Nyeusi, haing'ai, haina nakshi, haina hata maandishi makubwa ubavuni. Kalamu, jamani! Ya wino, ile ya kujaza, yenye nibu. Alimwagiza binamu yake anayesoma Ujerumani amletee likizo.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini niliumia kuliko ambavyo ningeumizwa na huyo Lamy wa kufikirika. Mwaka ule tulikuwa tunalipia kiwanja kwa awamu. Mimi ni mhasibu, na bajeti ya nyumba naishika mimi. Nilishaacha saluni, nasukwa na mdogo wangu sebuleni huku tunaangalia tamthilia. Mwezi huo huo mume wangu alikuwa ameniambia awamu yetu itachelewa kwa sababu mteja wake hajamlipa. Kumbe mteja alishalipa zamani. Hela yetu ya kiwanja ilikuwa mfukoni mwa shati lake, imejaa wino.

Tulinuniana siku tisa. Si mchezo, kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Kichupa cha zambarau

Siku ya kumi nikaamua kujishusha. Niliiona ile kalamu mezani, imekauka, imeishiwa. Nikasema moyoni, basi, nitamjazia wino, akirudi ataikuta, na mazungumzo yataanzia hapo. Mchana nikapita duka la steshenari karibu na ofisini.

"Naomba wino wa kalamu."

Kijana wa duka alinitazama kama nimemuomba santuri. Akapekua, akapekua, akaibuka na kichupa cha zambarau. "Wino upo huu, dada." Nikalipa elfu mbili, nikaondoka zangu.

Msomaji, mimi ni mtu ninayegonga mhuri vocha kila siku ya Mungu. Nilitakiwa kukitambua kile kichupa hata gizani. Lakini akili yangu siku hiyo ilikuwa kwenye mapatano, si kwenye lebo. Nikaizungusha kalamu mkia (ndivyo inavyovuta wino, ina pistoni ndani), nikaijaza mpaka koo wino wa mhuri.

Alipofika akaishika, akaandika herufi mbili, ya tatu ikagoma. "Umeweka wino gani?" Nikamuonyesha kichupa. Mume wangu hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alikunja mikono ya shati, akaenda kwenye sinki la jikoni, akaanza kuosha.

Wino wa mhuri, nilikuja kuelewa baadaye, ni mzito kwa makusudi. Umetengenezwa usikauke upesi kwenye kile kisahani chake chenye sponji. Wino wa kalamu kwa sehemu kubwa ni maji tu yenye rangi. Ukichanganya hivi viwili ni kama umetia mafuta ya kula kwenye tanki la maji ya kunywa.

Nilisimama pembeni na taulo, sijui nifanye nini. Dakika kumi, ishirini. Akavuta maji ya uvuguvugu, akatema, akavuta, akatema. Zambarau ikawa inashuka sinkini haiishi. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Njoo uone."

Yale ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya maana kwangu kwa siku kumi, kwa hiyo nilisogea.

Utambi

Nibu ni kipande cha chuma kilichopasuliwa ufa mmoja katikati, mwembamba kama unywele. Hii ya kwake ni ya dhahabu ya karati 14, na hapo ndipo bei ilipopandia. Chini ya nibu kuna ulimi wenye vijifereji vidogo vidogo.

"Unaukumbuka utambi wa koroboi?" akaniuliza.

"Mimi niliyesomea koroboi Morogoro, unaniuliza?"

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Mafuta yanapanda utambi yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Na wino hivyo hivyo. Unateremka kwenye kijifereji, unaingia kwenye ufa, ukigusa karatasi, karatasi inauvuta. Na kila tone likitoka, lazima hewa kidogo iingie kushika nafasi yake. Hewa isipopata njia, kalamu inagoma. Ikiingia kwa fujo, kalamu inatapika."

Tatizo la kugoma na kutapika liliwasumbua watu miaka mingi. Mmarekani mmoja, Lewis Edson Waterman, ndiye aliyepata hataza mwaka 1884 ya ulimi wa namna hii, wenye njia ya wino kwenda na ya hewa kurudi, na kuanzia hapo mtu akaweza kubeba wino mfukoni bila kuomba dua.

Tuliosha mpaka saa saba usiku. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana ya moto yanaweza kuharibu sehemu za plastiki. Tone moja la sabuni ya vyombo. Halafu maji matupu mpaka yatoke meupe. Kisha tukaisimamisha kwenye glasi ya maji, kichwa chini, ilale humo. Asubuhi ikaandika. Nilipumua kama mtu aliyepokea majibu mazuri kutoka maabara.

Tukawa tunaongea tena. Ila tulikuwa tunaongea habari za kalamu. Ile hela, hakuna aliyeigusa.

Peni sina ugomvi nayo

Wenzangu ofisini walinicheka nilipoanza kutembea na kalamu ya wino. "Umekuwa DC?" Msinielewe vibaya. Peni ya kawaida ni kifaa bomba sana. Bwana László Bíró, Mhungaria, aliipatia hataza mwaka 1938, na Bic Cristal, ile ya kioo ambayo wote tumesomea, ilitoka Ufaransa mwaka 1950 na bado ipo duniani kote. Wino wake ni mzito, unabebwa na kijigololi pale kwenye ncha, na gololi haizunguki mpaka ukandamize. Kwa vocha zenye karatasi ya kaboni, hiyo kandamiza ndiyo unayoitaka. Kalamu ya wino huko haina kazi, usijaribu.

Ila kama unaandika kurasa tatu, nne, kule kukandamiza kunakula kidole gumba. Mimi mwisho wa mwezi gumba lilikuwa linauma mpaka kiwiko. Kalamu ya wino unailaza kidogo, unaishika kama umeshika kifaranga, unaiachia iteleze. Wiki ya kwanza nilikuwa bado naibana, mwandiko unatoka mnene na karatasi inakwaruzika. Wiki ya tatu nikajikuta nimeandika muhtasari wa kikao kizima na kidole hakijasema kitu.

Je, lazima laki sita? Nitakujibu kihasibu: hapana. Nakubali Lamy 2000 ni kitu cha heshima. Aliyeichora, Gerd Alfred Müller, aliifanya mwaka 1966 na mpaka leo inatengenezwa, na mume wangu anaweza kukuhubiria saa nzima kuhusu hilo. Lakini kampuni hiyo hiyo ina Safari, ya plastiki, iliyotoka mwaka 1980, na pale pa kushikia imepunguzwa pande mbili ili vidole vijue mahali pa kukaa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile. Wajapani wa Platinum wana Preppy, rahisi kuliko hata hiyo, na kifuniko chake kina kofia ya ndani yenye springi inayoziba nibu isikauke. Nimeiacha kwenye droo mwezi, nimeitoa, imeandika. Kitu kimoja uangalie: nibu za Kijapani huwa nyembamba kuliko za Ulaya hata zikiandikwa saizi moja. Kama mwandiko wako ni mdogo, chukua ya Kijapani. Kama unapenda kuona wino, chukua ya Kijerumani.

Mimi sikununua hata moja kati ya hizo. Yangu niliipata bure, Morogoro.

Hero

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Walimu na makarani wa rika lake wengi walikuwa na Hero, kalamu ya Kichina, mwili wa plastiki ya maruni, kofia ya chuma, nibu imefichwa ndani inachungulia ncha tu. Nilimpigia mama kumuuliza kama ya baba ipo. "Ipo kwenye droo ya cherehani," akasema, haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Nilikwenda wikiendi. Ilikuwa humo, na vifungo na bobini za uzi. Imekauka kabisa. Ndani ina kijibomba laini cha kubinya, na nilipokibinya hakikutoa kitu. Mume wangu alikuwa ameshaniambia cha kufanya, hivyo niliichovya nibu kwenye kikombe cha maji pale pale mezani kwa mama, nikangoja.

Baada ya dakika kadhaa uzi wa bluu ukaanza kushuka ndani ya maji. Taratibu, kama moshi wa udi ukienda chini badala ya juu. Wino wa kalamu ukikauka unabaki na rangi yake, maji yakirudi unayeyuka upya. Baba alifariki tukiwa bado sekondari. Ule wino aliutia yeye.

Nikaitoa haraka kwenye kikombe, nikaomba karatasi. Mama akaleta bahasha ya kanisani. Nikaandika jina la baba, likatoka bluu ya mawingu, hafifu, lakini linasomeka. Nikampa mama kalamu, naye akaandika jina lake chini yake. Tulipata maneno mengine matatu hivi kabla haijakauka. Ile bahasha ninayo.

Mengine yaliyobaki niliyaosha sinkini, ilibidi, kalamu isingefanya kazi. Lakini niliyaangalia yakienda.

Wino, karatasi na mambo ya mkono wa shoto

Baada ya hapo ndiyo nikaingia mzima mzima. Na mimi nilikuwa najua wino wa rangi tatu tu: bluu, nyeusi, na nyekundu ya mwalimu.

Kumbe wino una tabia zake. Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji. Ni mpole kwa kalamu, unaosheka kirahisi, ila tone moja la mvua likikudondokea, umeandika bure. Bluu inayofutika, ambayo watoto wa shule Ujerumani wanajifunzia kuandika, ndiyo mpole kuliko wote, hivyo usiisainie kitu chochote cha fedha. Niliisainia vocha, chai ikamwagika, bosi akaniuliza hii sahihi imekwenda wapi.

Wa pili ni ule wenye chembe ndogo sana za rangi au za masizi zinazoelea ndani yake. Ukishakauka umekauka, maji hayaufanyi kitu. Platinum wanao mweusi wa namna hiyo, unaitwa Carbon, na ndio mume wangu anaochorea. Sharti lake: kalamu itumike kila mara na ioshwe kila mara, la sivyo unaganda ndani.

Wa tatu ndio ninaoupenda kwa hadithi yake. Unatokana na tanini na chumvi ya chuma. Unapoandika unatoka hafifu, halafu ukikutana na hewa unazidi kuwa mweusi na kung'ang'ania karatasi. Uingereza kwa miaka mingi vitabu vya kusajili ndoa viliandikwa kwa wino wa aina hii, kusudi asitokee mtu akasema hakuoa. Bibi yake mume wangu kule Tanga alipolisikia hilo alicheka sana. Kwao yeye wino ulikuwa pia dawa: mwalimu wa chuoni anaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yanasuuzwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Kombe. "Nyinyi mnataka usifutike," akasema, "sisi tulitaka ufutike vizuri." Na ndiye aliyenikumbusha kwamba pwani hii watu waliandika kwa kalamu ya mwanzi muda mrefu kabla ya nibu, na kwamba Siyu, kisiwani Pate, ilikuwa ikisifika kwa misahafu iliyoandikwa na kunakshiwa kwa mkono.

Rangi, sasa, hapo utafilisika usipojizuia. Pilot walileta wino wao wa Iroshizuku mwaka 2007, na mmoja wao, yama-budo, una rangi ya zabibu pori. Nikiandika nao, herufi inaanza nyepesi na kuishia nzito pale wino ulipotuama. Sina maelezo mengine zaidi ya kusema nilikuwa natafuta visingizio vya kuandika orodha ya sokoni.

Karatasi ndiyo inayoangusha watu wengi. Mtu ananunua kalamu nzuri, anaandikia daftari la bei chee, wino unasambaa kama mizizi na kupenya upande wa pili, anasema kalamu mbovu. Na unyevu wetu wa Dar unazidisha. Dawa yake ni kujaribu kabla ya kununua: chora mstari, hesabu mpaka ishirini, geuza ukurasa. Sisi tulikuja kupata kaunta buku moja ya jalada gumu, karatasi yake nyororo, inahimili. Si ya Kijapani, ni ya kwetu Kariakoo, na tulinunua sita kwa mpigo.

Mume wangu ana mkono wa shoto, hivyo mkono wake unapita juu ya kile alichokwisha andika. Kwa watu kama yeye nibu nyembamba na wino unaokauka upesi ndiyo usalama wa shati. Na nyote, wa kulia na wa kushoto: kwenye daladala au bodaboda kalamu isimame wima, nibu juu, isiwe nusu tupu. Joto linaitanua hewa iliyo ndani, hewa inausukuma wino nje. Kile kichupa cha wino nacho kiwe kimefungwa, kabatini, mbali na jua. Na usiongeze maji ya bomba ndani yake, utaotesha ukungu.

Ferry, Jumamosi asubuhi

Kuchora alikuwa ameacha. Hilo sikuwa nalijua kama ni jambo. Kazi yake ni ramani za nyumba, na siku hizi ramani ni kompyuta kuanzia asubuhi mpaka jioni: vyoo vya watu, makaro ya watu, ngazi za watu. Alipopata kalamu akaanza kutoroka Jumamosi alfajiri kwenda soko la samaki la Ferry. Siku moja nikamwambia twende wote.

Tulikaa kwenye kingo, tumegeukia bandari. Mimi sijui kuchora. Alinipa Hero yangu yenye ile bluu inayofutika, na brashi ndogo ya maji. "Chora mashua, mistari tu. Ukikosea usiifute, weka mstari mwingine pembeni." Nikachora kitu kinachofanana na kiatu. Akaniambia nilowanishe brashi nipitishe upande wa kivuli. Ile mistari ikayeyuka kidogo, bluu ikatambaa ndani ya maji, na kile kiatu kikawa mashua. Nakuapia. Ule ule udhaifu ulioniponza kwenye vocha, hapa ndio ulikuwa uchawi wenyewe.

Yeye anafanya kinyume. Anachora mistari kwa ule mweusi wa masizi, unakauka, halafu anapaka rangi za maji juu na mistari haitikisiki. Alichora mnara wa kanisa la Azania Front kwa mistari ambayo haikufika ishirini. (Kama utamuiga, usitie kwenye kalamu ule wino wa wasanii wenye gundi ya sheli. Ni wa kuchovya. Nimeshakuhadithia ya mhuri, usinifanye nirudie.)

Mchukuzi mmoja wa samaki alisimama nyuma yangu muda mrefu na ndoo yake kichwani. "Dada, huyo ni mimi?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbona umeninyima shingo?"

Mume wangu alicheka mpaka akadondosha kifuniko. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya risiti, na labda tangu kabla ya kiwanja.

Kaunta buku ya kitandani

Moja kati ya zile kaunta buku sita tuliiweka kwenye meza ya kitanda. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo madogo. "Gesi inakaribia kuisha." "Hii kijani haisomeki usiku." Mara kichwa cha mbuzi, mara mimi nimesinzia mdomo wazi, mchoro ambao sitausamehe.

Kisha usiku mmoja nilirudi kutoka kumlaza mtoto nikakuta ukurasa na nusu. Aliandika kwamba mteja alilipa tarehe tatu na yeye alinidanganya. Kwamba tangu nishike bajeti, anaomba hela yake mwenyewe kama mtoto anayeomba nauli, na mimi nikimpa ninamuuliza ya nini. Kwamba alitaka kununua kitu kimoja tu bila kuulizwa. Kwamba alikuwa amechoka kuchora makaro.

Ingekuwa WhatsApp, ningemjibu kabla hajamaliza. Ningeanza na "kwa hiyo kosa ni langu?", naye angejibu, na saa nne usiku tungekuwa tumefika kwa mama zetu. Lakini alikuwa amelala, au amejifanya, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu ambayo ilibidi kwanza niijaze. Nikaijaza. Nikaifuta. Nilipokaa kuandika, lile la "kosa ni langu" lilikuwa limepoa, na chini yake kulikuwa na jingine.

Nikamwandikia kuhusu nyumba ya Morogoro. Baba alipofariki, baba wadogo walikuja na hati ya kiwanja yenye jina la babu. Jina la mama halikuwa popote, kwenye karatasi yoyote. Tulihamia chumba kimoja cha kupanga, na cherehani. Tulikuwa na miaka minne kwenye ndoa na nilikuwa nimemwambia tu kwamba "tulihama". Nikamwandikia kwamba kila awamu inayochelewa, mimi naona ile siku ya mkokoteni. Nikamwomba radhi kwa zile "ya nini". Sikumwomba radhi kwa hasira, maana uongo ulikuwa uongo.

Nikangoja ukauke ndipo nikafunga.

Hatukuamka tumekuwa malaika. Alinuna kidogo, nililia kidogo. Lakini ndani ya wiki mbili tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi: kila mmoja ana elfu hamsini ya mwezi ambayo hakuna kuulizana, hata akinunua visigino au wino wa zabibu, na chochote kinachozidi laki kinaandikwa kwenye kaunta buku kabla hakijanunuliwa, na mwenzako anasaini pembeni. Bajeti tunashika kwa zamu ya miezi mitatu. Zamu yake ya kwanza ilinitoa jasho, ila umeme haukukatika.

Kwa wakili

Tulimaliza awamu ya mwisho miezi saba baadaye kuliko mpango wetu wa awali. Siku ya kusaini mkataba wa mauziano tulikwenda kwa wakili na mama yangu akiwa shahidi. Nakala tatu, kila moja inasainiwa yenyewe, hakuna kaboni. Kwenye nafasi ya mnunuzi, majina mawili.

Wakili alipapasa mezani, peni yake haipo. Mume wangu akatoa Lamy, imejaa ule mweusi usioogopa maji. Tulikuwa tumeujaribu usiku uliopita kwa kumwagia karatasi kikombe kizima. Wakili akaishika kama anashika nyundo, akaikandamiza.

"Taratibu, mheshimiwa!" Mume wangu alishainuka kwenye kiti. "Usikandamize, iache tu iteleze."

"Kwani inauzwa bei gani hii?"

Nikatazama dirishani.

Ilipofika zamu ya shahidi, nikafungua mkoba nikampa mama Hero. Aliizungusha vidoleni kidogo, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, mara tatu, kwenye nakala zote. Kisha akapulizia wino ukauke, akafunika kifuniko, na badala ya kunirudishia akaiweka kwenye pochi yake.

"Baba yenu," akamwambia wakili, "hii alikuwa hamwazimi mtu."